Mishipa ya fahamu imechorwa, dhima ni ya nani?

Ukilitaja jina la Loliondo mbele ya mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, jambo la kwanza linalomjia ni kikombe. Anakumbuka mwaka 2011, misururu ya magari iliyoelekea kijiji cha Samunge, wagonjwa waliotolewa hospitalini na kupakiwa safarini, na dawa ya shilingi 500 kwa kikombe iliyotolewa na mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki dunia mwaka 2021. Mimi ninafundisha dini huku Loliondo, na kila nikija mjini naulizwa habari za kikombe hicho. Leo nataka kuzungumzia jambo jingine la huku, ambalo halijapata kuleta msururu wa magari hata siku moja, nalo ni mbwa. Lakini ili tufike kwa mbwa, yatupasa kwanza tupite katika ubongo wa nzi.

Nina kijana mmoja anayehudhuria darsa la baada ya Magharibi. Anasoma kidato cha sita, mchepuo wa sayansi. Usiku mmoja, wenzake walipokwisha kuondoka, alinionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa kama furushi la nyuzi za rangi nyingi, nyekundu, bluu, njano, zimesokotana bila mwanzo wala mwisho. Akaniambia: "Ustadh, huu ni ubongo wa nzi. Wamemaliza kuuchora wote, uzi kwa uzi. Kesho watachora wa binadamu. Sasa nakuuliza. Kama mawazo yangu ni nyuzi zilizoungana hivi na hivi, basi nikitenda kosa, nimetenda mimi au zimetenda nyuzi? Na siku ya hesabu nitaulizwa nini?"

Nilimwambia nitamjibu wiki inayofuata. Wiki zilipita nyingi kuliko hiyo moja. Makala haya ndiyo jibu langu, na naliandika hapa kwa kuwa naamini kijana yule hayuko peke yake. Wako wengi mijini wanaouliza swali hilo kimoyomoyo, wakichelea kuambiwa imani yao ina kasoro.

Ndugu msomaji, kwanza tujue picha ile inatengenezwaje, maana mtu hawezi kulihukumu jambo asilolijua.

Mishipa ya fahamu imejengwa kwa seli, kama mwili mzima. Lakini seli hizi hazifanani na nyingine. Ina kiini chake, matawi mengi mafupi kama ya mti, na uzi mmoja mrefu. Seli inayoleta habari za kidole cha mguu makazi yake yako karibu na uti wa mgongo, na uzi wake unashuka hadi mguuni. Kwa mtu mrefu unapita mita moja. Seli moja! Nyuzi hizo ni nyembamba mno, na ndani ya ubongo zimesongamana kiasi kwamba ukiweka kipande cha ubongo chini ya hadubini bila kukitia rangi, huoni kitu cha maana.

Mwaka 1873 Mtaliano Camillo Golgi alipata njia ya kutia rangi nyeusi kwa kutumia chumvi ya madini ya fedha. Ajabu ya rangi ile ni kwamba inashika seli chache tu kati ya nyingi, lakini ile inayoshikwa inaonekana yote, na matawi yake. Miaka kumi na kitu baadaye Mhispania Santiago Ramón y Cajal akaichukua njia ileile, akaiboresha, akakaa na hadubini yake na kalamu akichora. Sasa tazama. Golgi alitazama akasema: hizi zote zimeungana, ni wavu mmoja usiokatika. Cajal alitazama vitu vya aina ileile, kwa rangi ileile, akasema: hapana, kila seli inajitegemea, zinakaribiana bila kuwa kitu kimoja. Mwaka 1906 walipewa tuzo ya Nobel pamoja, na kila mmoja akasimama kuhutubia akishikilia kauli yake. Ilibidi ije hadubini ya elektroni, katika miaka ya 1950, ndipo mwanya mdogo ulioko kati ya seli na seli uonekane waziwazi na Cajal athibitike.

Wawili hawa walikuwa na macho mazima na uaminifu wa kazi. Wakatofautiana kwa sababu jicho halimalizi kazi ya kuona peke yake. Hili si geni kwetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo karne ya kumi na moja Miladia, alilieleza katika kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manadhir: kwamba mengi tunayosema tumeyaona, kwa hakika akili ndiyo iliyoyapambanua na kuyakisia kwa haraka hata tusijue kwamba imefanya hivyo.

Siku hizi kazi hiyo inafanywa hivi. Kipande cha ubongo kinagandishwa kwa dawa mpaka kiwe kigumu, kisha kinakatwa slesi kama mkate, ila slesi zenyewe ni nyembamba hata ungepanga takriban 30,000 ndipo upate unene wa milimita moja. Kila slesi inapigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Kwenye picha moja uzi hauonekani kama uzi; unaonekana kama kiduara tu, kwa kuwa umekatwa. Kazi ni kukifuata kiduara kile kutoka slesi hii hadi ya pili, ya tatu, ya elfu, ukiunganisha, mpaka uzi usimame na urefu, upana na kina chake.

Zamani walifuata kwa macho na kalamu. Mnyoo mdogo wa urefu wa milimita moja, mwenye seli za neva 302 tu, ulichukua zaidi ya miaka kumi, na ramani yake ikachapishwa na John White na wenzake wa Cambridge mwaka 1986. Sasa kompyuta ndiyo inayofuata. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa ramani ya ubongo mzima wa nzi mdogo wa matunda, ubongo ulio mdogo kuliko mbegu ya ufuta: slesi takriban 7,000, seli 139,255, na viungio zaidi ya milioni 50. Mwezi Mei mwaka huohuo wataalamu wa Harvard na kampuni ya Google walichapisha kipande cha ubongo wa binadamu kidogo kuliko punje ya mchele. Kipande hicho kilitolewa kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akifanyiwa upasuaji wa kifafa. Ndani yake walikuta seli zipatazo 57,000 na viungio takriban milioni 150, na picha zake zilijaza gigabaiti milioni 1.4. Na ubongo mzima wa mtu unakisiwa kuwa na seli za neva bilioni 86.

Lakini kompyuta inakosea, na makosa yake ni ya namna mbili. La kwanza, inaziunganisha nyuzi mbili tofauti ikadhani ni uzi mmoja. La pili, inaukata uzi mmoja ikadhani ni miwili. Ndiyo maana ramani ya nzi ilihitaji mamia ya watu, wataalamu na watu wa kawaida waliojitolea, wakae wakisahihisha, kazi iliyokisiwa kuwa sawa na miaka 33 ya mtu mmoja.

Nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu, kwa sababu tuliyasoma chuo kikuu katika somo jingine kabisa. Wanavyuoni wa hadithi walikumbana na makosa hayohayo mawili. Wapokezi wawili wenye jina moja wakidhaniwa kuwa mtu mmoja, isnadi inaharibika. Mpokezi mmoja mwenye majina mawili, mara kwa kuniya mara kwa mji wake, akidhaniwa kuwa watu wawili, inaharibika pia. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071, aliandika kitabu kizima cha kubainisha makosa hayo, akakipa jina lenye maneno jamu na tafriki, yaani kuunganisha na kutenganisha. Karne tisa na ushei zimepita, na mashine yenye nguvu kubwa bado inakosea palepale alipokosea mwanadamu: kuunganisha kisichoungana na kutenganisha kisichotengana.

Naomba tuyashike maneno haya mawili, jamu na tafriki, kwani ndiyo yatakayotujibia swali la kijana.

Anayesema "mtu ni nyuzi zake, basi" ameingia katika kosa la jamu. Amechukua vitu viwili akavifanya kimoja. Hebu tumuulize: ramani ya mnyoo imekamilika tangu mwaka 1986, seli zote 302 zinajulikana, moja moja, mbona hadi leo wataalamu wanaendelea kubishana ni vipi nyuzi hizo zinaufanya mnyoo ugeuke kushoto au kulia? Ramani ya barabara za Kariakoo haikwambii nani atapita kesho saa nne, wala anakwenda kununua nini. Picha ile ni ya umbo lililogandishwa. Kilichokuwa kikipita ndani ya umbo lile, lilipokuwa hai, hakimo kwenye picha. Na Qur'ani, katika Suratul Israa, ilipotaja swali la watu juu ya roho, ilitufundisha kwamba elimu tuliyopewa juu ya jambo hilo ni chache. Ucheche huo haujabadilishwa na gigabaiti.

Hapa sasa ndipo anapoingia mbwa wa Loliondo.

Katika wilaya yetu ya Ngorongoro kila boma lina mbwa. Wafugaji hawawezi kulala bila mbwa, kwa sababu ya fisi na chui. Na pamoja na mbwa upo ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na watoto ni sehemu kubwa yao. Ugonjwa huu ni wa seli za neva hasa. Kirusi kinaingia na mate kwenye jeraha, kinashika ncha ya uzi wa fahamu ulio karibu, kinapanda ndani ya uzi ule kurudi kwenye kiini cha seli, kinavuka kwenda seli inayofuata, na inayofuata, mpaka ubongoni. Mwaka 1903 Mtaliano Adelchi Negri aliona kwa hadubini madoa ndani ya seli za ubongo wa wanyama waliokufa kwa ugonjwa huo, na kwa miaka mingi madoa yale ndiyo yaliyokuwa ushahidi.

Mgonjwa akifikiwa ubongoni habari yake inajulikana. Anaogopa maji huku ana kiu. Anashtuka kwa upepo. Anapigana na wanaompenda, kisha anatulia dakika chache akawa yeye, kisha anapotea tena. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno hata tunaweza kusema hakupo. Na jambo ambalo wanafunzi wa ubongo wamelistaajabia ni hili: mara nyingi ubongo wa aliyekufa kwa ugonjwa huu, ukitazamwa kwa hadubini, uharibifu wake ni mdogo ukilinganisha na msiba wenyewe. Seli nyingi bado zimesimama na matawi yake. Umbo lipo, mwenye umbo hayupo. Je, baada ya hapo bado tutasema kwamba ukilichora umbo umemchora mtu?

Lakini mgonjwa huyohuyo anatukanya na kosa la pili, nalo ndilo letu sisi watu wa dini. Ni kosa la tafriki. Sisi husema roho ni roho na mwili ni mwili, basi tabia, hasira, kupagawa, hayo ni mambo ya nafsi na mashetani, neva hazihusiki. Mwenye kifafa tunamwita mwenye jini. Aliyeng'atwa na mbwa akianza kuweweseka tunamtafutia mtu wa kumsomea. Tunaukata uzi mmoja tukaufanya miwili. Hali fiqhi yetu wenyewe haikukata hivyo. Fiqhi inatufundisha kwamba kalamu huondolewa kwa aliyelala, kwa mtoto na kwa aliyerukwa na akili. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba sheria inakiri kuwa akili, iliyo sharti la dhima, ina chombo chake mwilini, na chombo hicho kikichoka, kisipokomaa au kikiugua, dhima huondoka. Mgonjwa wa kichaa cha mbwa akimuuma ndugu yake hana dhambi. Waswahili nao hawakukosea walipoiita mishipa hii mishipa ya fahamu.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu la swali lako linaanzia hapa. Kuijua neva hakukuondoi kwenye hesabu. Kunatusaidia kujua nani yumo na nani hayumo. Aliyeumwa na ugonjwa ukamfikia ubongoni ametoka. Wewe uliyeniuliza swali zuri namna ile, ukapanga hoja yake, ukasubiri wenzako waondoke ili usiniaibishe, umo. Nyuzi zako ni zile ulizopewa ujibu kwazo. Haiwezekani mtu akaitumia akili yake kuthibitisha kwamba hana akili ya kuulizwa.

Nami nimo. Na hapa, ndugu msomaji, naomba uniwie radhi, kwa sababu lazima niseme lililonichelewesha kumjibu kijana yule.

Miaka kadhaa iliyopita mtoto mmoja wa madrasa, wa miaka tisa, alifika akichechemea. Akaniambia mbwa asiyemjua amemng'ata kigimbi njiani. Jeraha lilikuwa matundu mawili madogo. Nikachukua birika, nikammwagia maji kidogo. Kwa kweli akilini nilikuwa nawaza najisi, si ugonjwa. Nikawa najiuliza nguo yake itafaa kuswalia. Kisha nikamsomea dua, nikamwambia akae, somo likaendelea. Siku ya tatu nikasikia sokoni kwamba mbwa yule ameng'ata ndama na punda, kisha akafa. Nikaenda kwa baba yake mbio. Baba yule akauza mbuzi wawili, wakapanda gari kwenda Arusha, safari ya kutwa nzima, na sindano ya kwanza mtoto aliipata siku ya tano. Alhamdulillahi, mtoto yu hai, na sasa ni mrefu kunizidi.

Waliporudi baba yake hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, wewe umesoma hadi chuo kikuu. Siku ile ulikuwa unajua?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa najua. Nilijua kwamba ugonjwa huo unaua. Niliwahi kuusoma. Nilijua na nikakaa. Elimu ilikuwa kwangu slesi moja na mtoto slesi nyingine, na sikuziunganisha. Ndiyo tafriki yangu.

Sasa tuirudie ile njia ya kirusi, kwani ndani yake mna rehema. Kwa kuwa uzi ni mrefu na kirusi kinapanda taratibu, kati ya kung'atwa na dalili hupita muda, aghalabu miezi miwili au mitatu, ingawa huweza kuwa wiki tu. Muda huo ni muhula. Ndani ya muhula huo jeraha likioshwa vizuri na chanjo ikatolewa, mtu anaokoka. Louis Pasteur alilionyesha hilo huko Paris tangu mwaka 1885. Yaani elimu ya umbo la neva, kwamba ni uzi na una urefu, ndiyo inayotuambia kuwa tuna wakati, na kwamba wakati huo una mwisho.

Na iko ajabu nyingine. Kwa kuwa kirusi hiki kinajua kuvuka kutoka seli hadi seli kwa kupitia viungio, wataalamu wamekifanya chombo cha kazi. Mwaka 2007 huko Marekani Ian Wickersham, Edward Callaway na wenzao walieleza jinsi walivyokiondolea kirusi sehemu moja ya urithi wake, kikawa kinaruka hatua moja tu kisha kinakoma, kikiacha rangi inayong'aa. Kwa njia hiyo wanajua seli hii inazungumza na ipi. Hivyo kilekile kinachoua mtoto wa mfugaji, katika maabara kimefugwa kikawa kalamu ya kuchorea ubongo.

Sisemi hili kwa kuilaumu sayansi. Wako watakaosema: fedha zinamwagwa kuchora nzi na huku watoto wanakufa kwa mbwa. Hoja hiyo ni nyepesi. Anayechora nzi leo huenda kesho akatibu kifafa, na Pasteur naye aliwahi kuonekana anacheza na sungura. Lawama yangu iko karibu zaidi na nyumbani. Chanjo ipo zaidi ya karne. Dua ya Mtume (s.a.w.) ya kujikinga na elimu isiyonufaisha tunaisoma kila siku, tukidhani inawahusu wanafalsafa wa mbali. Inawahusu hata wenye birika mkononi na mtoto mbele yao.

Wapo waliofanya kazi ya kuunganisha. Mwaka 2009 Katie Hampson na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha utafiti uliofanyika katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro. Walifuatilia nani kamng'ata nani: mtoto huyu kang'atwa na mbwa yupi, mbwa yule kang'atwa na nani, boma kwa boma. Kwetu tungeuita isnadi ya ugonjwa. Wakakuta kwamba kwa wastani mbwa mmoja mgonjwa huambukiza mwingine mmoja na kidogo tu juu yake. Maana yake mnyororo huu ni dhaifu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema mbwa wapatao asilimia 70 wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Kuwaua ovyo hakusaidii, maana wanaobaki hawana kinga na wapya huja haraka.

Waislamu wa mijini mtasema: sisi hatufugi mbwa. Kweli, lakini mbwa hajui mipaka ya madhehebu. Na dini haikumtoa mbwa katika dunia yetu. Ilimruhusu wa mifugo na wa kuwinda, na Qur'ani ikamtaja yule aliyelala na watu wa pangoni. Siku ya chanjo ya mbwa ikitangazwa mtaani kwenu, tangazo hilo lina haki ya kusomwa msikitini kama linavyosomwa la mazishi. Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa kwamba chombo kilichorambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na ninawafundisha wanafunzi wangu hivyo. Lakini sikufundishwa, na kwa miaka mingi sikufundisha, kwamba mguu ulioumwa na mbwa unaoshwa papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, pasipo udongo, kisha mtu anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo kiasi gani. Chombo tulikipa fiqhi yake, mtoto hatukumpa. Sasa katika darsa langu mafundisho hayo mawili yanakwenda pamoja, na watoto wanayasema kwa moyo. Dua nayo tunaisoma, tukiwa njiani kwenda kwenye sindano.

Kijana wangu wa kidato cha sita, nakurudishia simu yako. Picha ile ni nzuri, na waliochora wamefanya kazi ya subira ambayo wengi wetu hatuiwezi. Usiiogope. Mwenyezi Mungu hakuumba uzi mmoja bure, na kila ukizidi kuziona nyuzi hizo ndivyo hesabu yako inavyozidi kuwa nzito, kwa sababu siku utakapoulizwa hutaweza kusema hukujua. Swali utakaloulizwa, kwa ninavyofahamu, litafanana na lile la baba wa mtoto yule: ulikuwa unajua? Na kama ulijua, ulifanya nini ndani ya muhula?

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.

(Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa elimu ya dini ya Kiislamu, Loliondo, wilayani Ngorongoro.)